Maswali yenu: jua linaweza kugeuza hewa ya ukaa kuwa mafuta?

Nasikia wanasayansi wanatengeneza mafuta kwa hewa ya ukaa. Kwani inawaka?

Haiwaki. Ichukulie kama majivu: ni kaboni iliyokwisha kuungua. Ndiyo maana baadhi ya mitungi ya kuzimia moto hujazwa hiyo hiyo. Kuirudisha kuwa methani (gesi inayowaka) au methanoli (kimiminika kinachowaka) kunahitaji nishati, na hapa inatolewa na jua, kwa msaada wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuisha. Anayesema nishati inatoka kwenye hewa yenyewe amekosea.

Hicho kichocheo kinafanyaje kazi?

Kinachojulikana zaidi ni titani dayoksaidi, ule unga mweupe uliomo kwenye rangi za nyumba. Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini yake ulichimbwa hadi mwisho wa 2024. Pitisha kiganja kwenye ukuta mweupe wa siku nyingi unaopigwa na jua, kitatoka na vumbi jeupe. Sababu mojawapo ni kwamba jua huuamsha unga huo, nao ukaila rangi iliyoushika. Mwanga ukiupiga, elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, huruka na kuacha tundu. Tundu huyanyang'anya maji elektroni nyingine. Ile iliyoruka, ikiikuta hewa ya ukaa, huanza kuijenga upya. Mwaka 1979 huko Japani, Inoue, Fujishima na wenzao walitia unga wa aina hii kwenye maji yenye hewa ya ukaa, wakaumulika, wakapata methanoli na asidi ya fomiki. Kidogo sana, lakini ilikuwemo.

Miaka zaidi ya 40 imepita. Mbona bado tunapikia mkaa?

Swali hili linaniuma na mimi. Unga huo huamshwa na mionzi ya urujuanimno tu, ile ya jua tusiyoiona kwa macho, ambayo ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua. Halafu molekuli moja ya methani inadai elektroni 8, na nyingi hurudi tunduni kabla ya kufanya kazi. Nyingine huishia kutoa haidrojeni kwenye maji. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuuchanganya unga huo na shaba, na kutafuta vichocheo vinavyoamshwa na mwanga huu tunaouona. Kazi hiyo inastahili fedha nyingi zaidi.

Mafuta hayo yakichomwa, hewa ya ukaa si inarudi?

Inarudi yote. Nafuu ni kwamba hukuchimba kaboni mpya ardhini.

Kuna fundi ananiuzia mtambo wa kugeuza moshi wa jenereta kuwa gesi ya kupikia. Ninunue?

Usinunue, ndugu yangu. Kinachopatikana maabara mara nyingi hakitoshi kuchemsha kikombe cha chai. Fedha hiyo weka kwenye paneli ya sola.