Siku mbili York na watoto

Dada, umeuliza ufanye nini York, kule Uingereza, wikendi moja na watoto wawili bila kumaliza pesa. Jumamosi asubuhi pandeni juu ya ukuta wa mji wa kale. Ni kama kilomita 3.4, bure kabisa, ila washike mikono maana sehemu nyingine hazina kizuizi upande wa ndani. Mchana nendeni makumbusho ya reli, nako hamlipi kiingilio. Waonyeshe Mallard, kichwa cha treni cha mvuke, cha buluu, kilichokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Mwanangu alikizunguka mara tatu! Jumapili, kanisa kuu la York Minster. Mtalipia, lakini lile dirisha la mashariki lililokamilika mwaka 1408 msilikose. Na makoti ya mvua, tafadhali.