Mpira wa mlango wa gari: kwa mnaoanza gereji Mtwara

Gari linaloshinda kati ya Mtwara mjini na Newala linaumiza mipira ya milango kwa namna mbili: chumvi ya pwani, na vumbi jekundu la huko juu Makondeni. Mteja akija analalamika kuwa vumbi linaingia ndani, usikimbilie kumwagizia mpira mpya. Fungua mlango, utazame ule uliopo. Panapobana vizuri pana mstari msafi kwenye mpira. Vumbi linapopita utaona wekundu umeukatiza ule mstari kuelekea ndani. Mara nyingi mpira bado mzima, ila mlango umeshuka kwenye bawaba.

Hakikisha kwa karatasi. Weka kipande cha karatasi ya fotokopi kati ya mpira na bodi, funga mlango, kivute. Kikitoka kwa shida, panabana. Kikichomoka chenyewe, pameachia. Rudia kila sentimita 15 hivi, mlango mzima. Kisha fungua mlango nusu na uunyanyue kwa mikono miwili: ukicheza, pini za bawaba zimeisha, na mpira mpya hautasaidia kitu. Pakiachia upande wa loki peke yake, legeza skrubu za kile chuma cha nguzoni kinachoshikwa na loki, ukisogeze ndani milimita 1, ujaribu tena. Kabla ya kulegeza, kizungushie kalamu ili ujue kilipokuwa.

Mpira uliopasuka, uliokauka, au ambao ukiuminya hauinuki tena, huo badilisha. Ukinunua wa mita, nenda dukani na kipande cha ule wa zamani. Vitu viwili lazima vilingane: nafasi inayong'ata ukingo wa bati, na unene wa bomba lake, yaani ile sehemu ya duara yenye uwazi inayobanwa mlango ukifungwa. Bomba likizidi unene mlango hautafunga, mwenye gari ataubamiza kila siku mpaka loki ife. Urefu pima kwa uzi kuzunguka ukingo wote. Mlango wa mbele wa gari dogo la saluni huchukua karibu mita 4.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wana haraka. Ukishatoa mpira wa zamani, kagua ukingo wa chini. Huku kwetu maji yenye chumvi hujificha humo na kula bati. Sugua kwa msasa namba 120, malizia na 240, piga praima na rangi, acha ikauke hadi kesho yake. Ukivisha mpira juu ya kutu, msimu mmoja wa mvua unatosha kuuachisha. Zibua na matundu ya maji yaliyo chini ya mlango. Kusafisha tumia maji ya sabuni, kisha kitambaa chenye spiriti. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida zikae mbali, maana mpira wa aina hii hunyonya mafuta, ukavimba na kulegea.

Anza kuvisha chini katikati, ili kiungo kikae huko na si juu mvua inakotiririkia. Usiuvute hata kidogo. Mpira uliovutwa hujirudi baada ya siku chache, kiungo kikaachana na kona zikainuka. Kwenye kona usukume uingie kwa wingi, ugonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Mwishoni kata ukizidisha milimita 5 hadi 10, halafu zisukume ncha zikutane kwa kubanana.

Mlango utakuwa mgumu siku za mwanzo. Uache umefungwa usiku kucha kabla hujagusa loki. Kisha mwagia maji kwa bomba la kawaida, ukianzia chini kupanda juu, mwenzio akiwa ndani na tochi. Mashine ya presha usiitumie kwa jaribio hili, hupenyeza maji hata kwenye mpira mzuri.

Kwa Noah na Hiace, anzeni na mlango wa nyuma hata kama mteja ametaja wa mbele. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake huwa na mgandamizo mdogo, vumbi linabaki likizunguka hapohapo na kuvutwa ndani kupitia upenyo wowote. Kagua pia vile vipira vinavyopitisha nyaya za taa: kimoja kikichomoka, gari zima litajaa vumbi na mpira wa mlango utalaumiwa bure.