Kuzoea maisha ya Waitaliano: ushauri wa mkazi wa Padova

Mswahili anayehamia Italia huwa ameonywa juu ya mambo mawili, baridi na makaratasi, na hudhani kwamba akishapata koti zito na kibali cha kuishi basi kazi imekwisha. Mimi ninaishi Padova, mji wa kaskazini-mashariki ulio jirani na Venezia, na kwa niliyoyaona hapa, baridi huzoeleka, na makaratasi hata yakichelewa hupatikana. Linalowakwamisha wengi wetu halimo kwenye fomu yoyote: Mwitaliano ana saa yake ya kila jambo, na moyo wake humfungukia mtu ambaye amekwisha kumwona mara nyingi mahali pale pale. Anayelifahamu hilo mapema huishi vizuri hata kabla lugha haijamkaa mdomoni, na asiyelifahamu anaweza kumaliza miaka akilalamika kwamba watu wa huku wana roho ngumu.

Makaratasi nitayapitia kwa ufupi. Cha kwanza ni namba ya kodi, codice fiscale, yenye herufi na tarakimu 16, ambayo hutolewa na mamlaka ya mapato, Agenzia delle Entrate, na ambayo utaulizwa benki, kwa daktari, kwenye mkataba wa nyumba na hata unaponunua laini ya simu. Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya akiwa na viza ya muda mrefu, ombi la kibali cha kuishi, permesso di soggiorno, hupelekwa ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini. Mwanafunzi, kwa mfano, huchukua bahasha maalumu posta, huijaza, hubandika stempu ya serikali ya euro 16, kisha huirudisha posta na kupewa stakabadhi pamoja na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Stempu yenyewe hununuliwa kwenye duka la tumbaku, lile lenye bango la herufi T, ambalo pia huuza tiketi za basi. Kibali huweza kuchukua miezi, kwa hiyo itunze stakabadhi kama unavyotunza pasipoti, na ukilazimika kwenda nyumbani kabla hakijatoka, panga safari ya kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul badala ya kubadilisha ndege katika nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ambako stakabadhi hiyo haikusaidii.

Tukishayaweka hayo pembeni, tuzungumzie saa. Maduka madogo ya mtaani hufungwa mchana, kwa kawaida kuanzia saa saba kasorobo au saa saba hadi saa tisa na nusu au saa kumi, na baadhi hufunga pia siku moja nzima ya wiki ambayo wenyeji wote wanaijua isipokuwa wewe. Soko la mboga la Piazza delle Erbe, siku za kazi, ni la asubuhi. Ukienda alasiri utawakuta watu wakinywa vinywaji vyao mahali palipokuwa na meza za nyanya. Jikoni za migahawa hufunguliwa kwa saa chache za mchana, hufungwa, kisha hufunguliwa tena jioni, na mtu anayetaka wali saa kumi alasiri itambidi atafute duka la kebabu. Mwezi Agosti, hasa wiki inayozunguka sikukuu ya Ferragosto ya tarehe 15, mlangoni mwa fundi, kinyozi na hata daktari wako hubandikwa karatasi inayosema wamekwenda likizo. Hakuna faida ya kukasirika. Dawa unazotumia kila siku ziombe Julai, na jambo lolote la ofisi ambalo hukulimaliza kabla ya mwezi huo kuanza lihesabu kuwa la Septemba.

Ndani ya ratiba hiyo kuna mahali pamoja ambapo napenda mgeni apazingatie kuliko pengine popote, napo ni kwenye bar ya mtaa wake. Msomaji wa kwetu asishtuke, kwani hii si baa ya nyumbani. Asubuhi utamkuta humo bibi wa miaka themanini, mtoto anayepelekwa shule, askari wa barabarani na fundi bomba, wote wakinywa kahawa kwa kusimama kwenye kaunta na kuondoka baada ya dakika chache. Anayefananisha na baraza la wanywa kahawa wa Mombasa au Zanzibar hakosei sana, ila hapa hakuna kukaa kitako, na mazungumzo yote ya mpira, mvua na serikali hubanwa ndani ya kikombe kimoja. Ukisema caffè utapewa kahawa nyeusi ya kiasi kidogo, kali, kwenye kikombe kidogo. Cappuccino ni kinywaji cha asubuhi pamoja na mkate mtamu ambao huku kaskazini huitwa brioche, na ukikiagiza baada ya chakula cha mchana utapewa, lakini utatazamwa. Kwenye bar ya mtaani hunywa kwanza ukalipa baadaye, wakati kwenye stesheni za treni na mahali penye umati hulipa kwanza, ukachukua risiti na kuipeleka kwenye kaunta. Kukaa mezani, hasa kwenye viwanja vyenye watalii, kuna bei yake, na bei hiyo sharti ioneshwe kwenye orodha, basi isome kabla ya kuvuta kiti.

Ushauri wangu ni kuchagua bar moja na kushikamana nayo. Nenda saa ile ile, simama sehemu ile ile ya kaunta, salimia unapoingia na aga unapotoka. Kwa muda hakutatokea lolote, kisha siku moja mhudumu ataanza kukuandalia kahawa kabla hujafungua mdomo, na tangu hapo utakuwa mtu wa mtaa. Kupitia kaunta hiyo wenzetu wengi wamepata fundi mwaminifu, habari za chumba cha kupanga na mtu wa kuwaeleza barua ya manispaa inasema nini. Jioni watu hukusanyika tena kwa aperitivo, ambayo hapa katika mkoa wa Veneto maana yake ni spritz, kinywaji cha divai iliyochanganywa, pamoja na vitafunio vidogo. Asiyekunywa pombe aagize kinywaji cha analcolico; hutolewa kwenye glasi ya aina hiyo hiyo na hakuna atakayekuhoji.

Salamu zina uzito kuliko tunavyodhani tukiwa mbali. Ukiingia kwenye lifti, duka la dawa au chumba cha kusubiri daktari, unasema buongiorno kwa wote waliomo, na kutofanya hivyo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mtu usiyemjua na aliyekuzidi umri huzungumza naye kwa Lei, umbo la heshima, mpaka yeye mwenyewe apendekeze mwachane nalo. Aliyelelewa kwa shikamoo hana haja ya kufundishwa sababu. Kwa daktari ambako hakuna namba za foleni, wenyeji huingia na kuuliza chi è l'ultimo, nani wa mwisho, na kuanzia hapo kila mmoja anajua anamfuata nani ingawa wamekaa ovyo. Usipouliza, wanaweza kuja watu watatu baada yako wakakutangulia wote, tena bila nia mbaya.

Nyumba ina mafunzo yake, na la kwanza ni umeme. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu, kiasi kwamba ukiwasha mashine ya kufulia, oveni na birika la umeme kwa pamoja, giza linaingia. Katika majengo ya ghorofa mita mara nyingi iko chini mlangoni, kwa hiyo utashuka ngazi na tochi ya simu, upandishe swichi, upande tena, huku wali wako ukiwa nusu mbichi. Zoea kufua kwanza, kisha upike. Joto la nyumba nalo halifuati matakwa yako: sheria imegawa nchi katika kanda za hali ya hewa, na kwa kanda ya Padova mitambo huwashwa kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 15 Aprili, si zaidi ya saa 14 kwa siku, isipokuwa mamlaka zikiongeza au kupunguza. Wiki za mwanzo wa Oktoba na za mwisho wa Aprili ndizo zinazowatesa watu wa pwani, basi nunua blanketi nzito mapema. Kati yake kuna ukungu wa bonde la mto Po, ambao unaweza kulificha jua kwa siku kadhaa mfululizo na ambao humvunja mtu moyo kuliko theluji.

Majengo ya ghorofa yana kanuni zake za kimya, usiku na pia baada ya chakula cha mchana, na jirani anayesikia kinu kikitwanga saa nane mchana hatakuja kukugongea. Ataandika barua kwa msimamizi wa jengo. Taka hutengwa, mabaki ya chakula mbali na karatasi, plastiki na chupa, kwa kalenda ya manispaa ambayo ni vyema uibandike kwenye friji. Mkataba wa nyumba uwe umesajiliwa Agenzia delle Entrate, hata kama mwenye nyumba anakupunguzia kodi ili usisajiliwe, kwa sababu bila usajili huo utahangaika kujiandikisha kuwa mkazi, na bila ukazi mengi mengine yatasimama.

Katika chakula, Padova ina bahati ambayo mikoa mingine haina. Veneto hula polenta nyeupe, na unga wake wa mahindi meupe uko kwenye rafu za maduka makubwa; chagua uliosagwa laini, kwani ule wa chenga hauwezi kutoa ugali wa kueleweka. Samaki wabichi, maharage na mboga za majani chungu vipo tele. Nyama ya halali hupatikana kirahisi mtaa wa Arcella, nyuma ya stesheni ya treni. Chini ya jumba la kale la Palazzo della Ragione kuna maduka ya nyama na jibini ambayo mgeni hufurahia kuyatembelea, ila asome vibao vizuri: cavallo ni farasi na musso, kwa lahaja ya hapa, ni punda, na wote wawili huliwa. Sokoni usiminye matunda kwa mkono wako. Mweleze muuzaji unataka ya kula leo au kesho, naye atakuchagulia, na ukimrudia yeye yule kila Jumamosi atakuchagulia vizuri zaidi.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, ujue umepiga hatua kubwa, kwa sababu watu wa huku hukutana nje kwa muda mrefu kabla ya kualikana. Kwenda bila kuarifu, kama tufanyavyo kwetu, hakufai. Nunua trei ndogo ya vitafunio vitamu kwenye duka la keki, useme permesso, yaani hodi, unapovuka kizingiti, na usivue viatu mpaka uone wenyeji wamevua, kwani wengi hawatarajii mgeni aingie na soksi. Mezani usijishibishe kwa sahani ya kwanza ya pasta, kwani baada yake inakuja nyama au samaki, na kukataa sahani ya pili humhuzunisha mama mwenye nyumba. Sauti zikipanda, hawagombani. Na ukifika na nywele mbichi wakati wa baridi utakemewa kwa upendo, maana imani yao juu ya upepo unaopiga shingo ina nguvu kama imani za bibi zetu juu ya kuoga usiku.

Katika meza za namna hiyo utashangaa ni mara ngapi Afrika Mashariki inatajwa. Shirika la Medici con l'Africa Cuamm lilianzishwa papa hapa Padova mwaka 1950, na madaktari wake wamefanya kazi Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino wako Kenya na Tanzania tangu enzi za ukoloni. Na wapo wazee wanaoijua Malindi kwa likizo zao. Kumkuta mtu aliyewahi kuishi Iringa akakuuliza habari za hospitali ya Tosamaganga si ajabu.

Hata hivyo sitaficha upande mwingine. Utapiga simu kuulizia chumba, na lafudhi yako ikisikika utaambiwa kimekwisha kuchukuliwa, ingawa tangazo litabaki hewani. Kwenye dirisha la ofisi, mtu aliyemwambia Mwitaliano aliyekutangulia Lei atakusemesha wewe kwa “tu”, umbo la Kiitaliano la watu waliozoeana, kana kwamba anazungumza na mtoto. Mimi huendelea kumjibu kwa Lei, polepole na kwa sauti ya kawaida, na wengi hujirekebisha wenyewe kabla mazungumzo hayajaisha. Kwa upande wa nyumba, njia za mkato za matangazo ya mtandaoni hazitufai sana. Barua ya mwajiri, ofisi ya malazi ya chuo, parokia, na yule mhudumu wa kahawa anayekujua kwa jina, hufungua milango ambayo simu haiifungui. Nani mwenye lawama hapo tunajua, lakini mtu anahitaji pa kulala usiku huu.

Lugha isiahirishwe. Vituo vya serikali vya elimu ya watu wazima, vinavyojulikana kwa kifupi CPIA, hufundisha Kiitaliano bure au kwa ada ndogo, na vyeti vyake vya A2, kiwango cha msingi cha lugha, ni vya maana kwa sababu kibali cha kuishi cha muda mrefu hudai kiwango hicho, ilhali uraia hudai B1, kiwango kinachofuata. Watu wengi hujiandikisha mwanzoni mwa Septemba, nafasi hujaa, na wengine huwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Nenda na pasipoti, namba ya kodi na stakabadhi ya kibali. Utapewa mtihani mfupi wa kukupima na kupangiwa darasa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua lile la jioni lililo karibu zaidi na nyumbani kwako.