Debe la tatu lililoniangusha kwenye rufaa ya hataza

Kijana mmoja wa Mafinga ameniandikia wiki hii: "Shikamoo kaka. Dawa yangu ya fukusi imenyimwa hataza (haki ya mvumbuzi kulindiwa uvumbuzi wake), wanasema ni jambo dhahiri. Nikate rufaa?" Nikacheka, kicheko kikaniishia njiani. Barua kama hiyo ninayo kabatini hapa Uyole, na mke wangu anajua nikiifungua siku hiyo silali.

Yangu ilikuwa pareto ya Umalila iliyokaushwa kivulini, maana jua huimaliza nguvu, kisha ikasagwa, pamoja na mafuta ya ufuta na majani ya utupa. Nilichukua madebe mawili ya mahindi yenye fukusi. Moja nikalitia dawa, la pili nikaliacha hivi hivi. Baada ya miezi mitatu, ukizamisha mkono kwenye la pili unatoka na unga mtupu. La kwanza punje zinang'aa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Mkaguzi wa hataza akaandika: pareto inajulikana, utupa wazee wanautumia ghalani, na kwamba ufuta huongezea pareto makali ilifahamika Marekani tangu 1940. Mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo angevichanganya tu. Nikakata rufaa kwa hasira, kurasa kumi na moja, nikisisitiza hakuna aliyewahi kuchanganya vitatu hivyo. Na ilikuwa kweli! Lakini upya ni hoja moja, kutokuwa dhahiri ni nyingine. Nilijibu swali ambalo sikuulizwa.

"Ulilinganisha na nini?" mmoja wa waliosikiliza rufaa akaniuliza.

"Na mahindi yasiyo na dawa."

Akafunga faili taratibu.

Debe la tatu lilitakiwa liwe na pareto na ufuta peke yake, yaani kile kilichojulikana ambacho ni jirani wa karibu kabisa wa dawa yangu. La nne, utupa mtupu. Mchanganyiko ukiua zaidi ya jumla ya hayo mawili, na mtaalamu hakutegemea hivyo, una la kusema. Ukiua sawa na jumla, umejumlisha tu.

Mvumbuzi mmoja wa Marekani, Papesch, aliishinda rufaa yake 1963. Kemikali yake ilipishana na ya zamani kidogo tu: penye kipande kiitwacho methili yeye aliweka ndugu yake mkubwa kidogo, ethili. Ofisi ikasema dhahiri. Mahakama ya rufaa ikakataa, kwa sababu majaribio yalionyesha yake inatuliza uvimbe na ile jirani haitulizi. Mwenzetu alikuwa na debe la tatu.

Kwa hiyo mdogo wangu, na ninyi nyote mnaosaga majani usiku, pimeni jirani. Pimeni tena. Acheni kuwasimulia wakaguzi mlivyoteseka, mateso hayamo kwenye sheria (mimi niliyajazia kurasa nne). Vijana mnapenda cheti kuliko kipimo, na hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo nikiwa na mvi tayari.

Soma kwanza mwisho wa muda wa rufaa kwenye barua yako. Kisha panda gari uje Uyole. Madebe sasa ninayo manne, mahindi utakuja nayo mwenyewe.