Maswali yenu: uji, konfleksi na sukari ya asubuhi

Mbukwenyi! Juma lililopita niligusia kwamba kifungua kinywa ndicho kinachowaangusha wengi wenye kisukari hapa Dodoma, na tangu hapo simu haijapumzika. Nimechagua maswali manane. Kwanza tuelewane neno moja, kipimo cha glaisemiki. Ni namba inayoonyesha chakula chenye wanga kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani, glukosi yenyewe ikihesabiwa 100. Kilibuniwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto. Namba 55 kushuka ni kasi ndogo, 56 hadi 69 ya kati, 70 kupanda ni kubwa. Tuendelee.

Sukari yangu inapandapanda. Nimeacha mkate mweupe, sasa nakula konfleksi na maziwa kabla ya kupanda gari la Mtumba. Boksi linasema hazina mafuta na zina vitamini. Nimefanya vizuri? (Mtumishi wa umma, Ilazo)

Ndugu yangu, umeruka majivu ukakanyaga moto. Katika majedwali ya kimataifa ya mwaka 2008 mkate mweupe una wastani wa 75, konfleksi 81. Mahindi yake yamekobolewa, yakapikwa, yakabanwa yakawa bapa, yakaokwa. Kazi ya tumbo imeshafanywa kiwandani. Kukosa mafuta hakupunguzi kasi hiyo hata kidogo.

Geuza boksi usome upande wa nyuma, maana mbele huandikwa kwa ajili ya kuuza. Kiambato kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Tazama safu ya gramu 100: sukari ikizidi 22.5, lirudishe rafuni. Nyuzinyuzi zikifika 6, hapo tunaweza kuzungumza. Kwa kipimo cha glaisemiki, Weetabix, vile vitofali vya ngano, inakaribia 69, na musli, mchanganyiko wa oti na matunda makavu, 57.

Halafu kuna bakuli. Jumamosi nilimimina konfleksi kwenye bakuli langu la plastiki la kila siku, bila kufikiri, kisha nikaziweka kwenye mizani ya jikoni. Gramu 68! Boksi lenyewe linahesabu mlo kuwa gramu 30. Ukizidisha namba ya kipimo kwa gramu za wanga ukagawa kwa 100, unapata mzigo wa glaisemiki. 20 tayari ni mzigo mkubwa. Gramu 30 za konfleksi zinakufikisha hapo hapo kwenye 20. Bakuli langu lilikuwa na 46, na maziwa sijayahesabu.

Mume wangu ana kisukari. Namsagia uji wa lishe wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga. Akinywa kikombe kimoja, baada ya saa mbili kipimo cha sukari ya damu kinasoma 14. Nitoe nafaka gani? (Mama wa watatu, Chang'ombe)

Mchele utoke leo. Uji wa mchele peke yake unakaribia 78 kwa kipimo cha glaisemiki. Ngano nayo sioni inakusaidia nini. Lakini dada, hata ukibaki na nafaka mbili tu, 14 inaweza kurudi, kwa sababu shida kubwa iko mashineni na kwenye kikombe.

Juzi nilikwenda kusaga pale Majengo, kilo mbili za mtama na uwele. Kijana wa mashine, nyusi nyeupe kwa unga, akauliza bila kuniangalia, "Nakoboa?" Nikasema hapana. Sasa akaniangalia. "Utakwaruza koo huo." Nikamwomba aweke chekeche ya matundu makubwa. Akaguna, akazima mashine, akabadilisha, huku foleni nyuma yangu ikininung'unikia. Unga uliotoka ulikuwa na chenga unazozisikia ukisugua kwa vidole, kama mchanga wa korongoni. Chenga hizo ndizo nilizozifuata. Punje ikiwa na ganda lake na kiini chake, tena haijawa vumbi, vimeng'enya vya tumbo huchelewa kuifikia wanga yote. Ukikoboa kisha ukasaga mpaka unga upeperuke, sukari inaingia damuni kwa pamoja.

Jaribu hivi: sehemu mbili za mtama au uwele usiokobolewa, sehemu moja ya soya, nusu ya karanga. Soya usisage mbichi. Ichemshe, ianike, uikaange ndipo usage. Pika uji mzito wa kulika kwa kijiko, maana ule mwepesi mtu anaushusha kwa mafunda matano. Na kikombe kiwe cha robo lita. Najua akina baba wengi wana kile cha nusu lita ambacho mtu mwingine hakigusi. Kipewe kazi ya kuchotea maji. Lengo kwa watu wazima wengi ni sukari ya damu isizidi 10 (milimoli kwa lita) baada ya kula.

Karanga zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, kuku pia wasipewe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na karanga hushambuliwa na kuvu hao hao. Kuchemsha hakuiondoi.

Watoto waendelee na uji wao wa kawaida. Wanakua, hawana sababu ya kubanwa kwa ajili ya sukari ya baba.

Sisi tumekula uwele na mlenda tangu utoto, kisukari hatukukijua. Sasa daktari ananiambia nipunguze uji wa uwele. Nimekosea wapi? (Mzee, Kondoa)

Shikamoo mzee wangu. Hujakosea, na daktari naye yuko sahihi. Uji wa nafaka za jamii ya uwele unasimama karibu na 67, kasi ya kati, na ukiongeza vijiko vitatu vya sukari hali inabadilika. Ila ule uwele wa utoto wako ulikuwa ugali, umesagwa kwa jiwe, umeliwa na mlenda, na baada yake mlikwenda shamba kwa miguu. Utelezi wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini, nazo hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni. Oti zinasifiwa duniani kote kwa kitu cha ukoo huo, beta-glukani, na mlenda wetu haujapata hata boksi la kuandikiwa sifa.

Kwa hiyo mzee, ugali wa uwele kiasi cha ngumi yako, mlenda sahani nzima, asubuhi, sina ubishi nao. Ukipata mtama mwekundu ni vizuri zaidi. Ule uchungu wake kidogo ni tanini, na tanini huchelewesha wanga kumeng'enywa. Ndege nao hawaupendi kwa sababu hiyo hiyo.

Oti zina maana yoyote au ni fasheni tu? Bei yake inaniumiza. (Mwanafunzi, UDOM)

Zile za bapa nene, zinazotaka kukaa motoni, zina 55. Za papo kwa hapo, unazomwagia maji ya moto na kukoroga, zina 79. Nafaka ni ile ile. Kama mfukoni unazo za kununulia hizo za pili tu, nunua maharage. (Boksi lingine litakuambia ni shayiri. Shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile ya kutengenezea bia, na kwa kipimo hiki inazishinda oti mbali: 28.)

Nikitia asali ya Manyoni kwenye uji badala ya sukari, si ni salama? (Mfanyabiashara, Sabasaba)

Asali 61, sukari 65. Asali ya Manyoni ni tamu na mimi ninayo nyumbani, lakini tofauti hiyo utaiona kwenye karatasi kuliko kwenye damu yako. Ukitaka uji uwe na ladha, tia unga wa ubuyu au maji ya ukwaju. Uchachu hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu kidogo kabla ya kushuka, na ulimi ukishazoea, baada ya majuma mawili hivi, hauulizii sukari. Naongelea unga mweupe wa ubuyu, siyo zile mbegu nyekundu za vipakiti zilizopikwa na sukari.

Togwa halitiwi sukari. Naruhusiwa? (Msomaji, Bahi)

Umewahi kujiuliza utamu wake unatoka wapi? Kimea kinavunja wanga ya uji na kuigeuza sukari humo humo sufuriani. Nusu kikombe, siku ya sherehe.

Asubuhi mimi napiga kiporo: ugali wa jana na maharage, au viazi vilivyolala. Mke wangu anasema ninamwaibisha, ninywe chai na maandazi kama watu. (Dereva wa bodaboda, Nkuhungu)

Shemeji tunamheshimu, ila leo kaka umeshinda. Wanga iliyopikwa ikapoa usiku kucha hujipanga upya, sehemu yake ikawa ngumu kumeng'enywa. Ukiipasha moto unapoteza kiasi cha faida hiyo, siyo yote. Viazi mviringo vya moto vina wastani wa 78, vikilala vinashuka. Maharage nayo yana 24 tu, na yakikaa sahani moja na ugali yanapunguza mwendo wa mlo mzima. Andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta, na kikombe cha chai cha vijiko vinne kinakamilisha.

Kiporo cha wali peke yake ndicho nakuomba ukichunge. Kuna bakteria anayestahimili kuchemshwa, na wali ukilala kwenye sufuria ya joto anaacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama hamna friji, wali uishe usiku ule ule.

Nilifuata ushauri, nikaacha chai ya sukari na mkate, nikahamia uji mzito wa mtama. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilianza kutetemeka na jasho kunitoka. Natumia glibenklamidi. (Mama, Mpwapwa)

Pole sana mama. Hilo nilipaswa kulitanguliza juma lililopita, na sikulitanguliza. Dawa yako inasukuma kongosho itoe insulini bila kujali umekula nini. Dozi ilipangwa ukiwa unakunywa chai ya sukari. Chakula kimepungua kasi, dawa imebaki pale pale, sukari ikashuka kupita kiasi. Wanaochoma insulini nao wako kwenye hatari hiyo.

Ikitokea tena, usingoje uji uive. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, ukae chini, upime baada ya dakika 15. Bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula kitu. Dawa usiiache mwenyewe na usikate kidonge kwa kukisia. Rudi kliniki kesho, usisubiri tarehe ya kadi, na ubebe daftari lenye vipimo vya siku hizo tatu pamoja na ulichokula kila asubuhi. Kwa daftari hilo daktari ataweza kuangalia kama dozi ipunguzwe.