Muulize Fundi Bomba: Jakuzi na baridi ya ughaibuni

Zamani maswali yenu yalikuwa simtanki linavuja, bomba la Gungu halitoi maji, pampu ya kisima inanguruma bure. Tangu jamaa zetu waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waanze kuhamia Marekani na Canada, maswali nayo yamehama. Wiki hii karibu yote ni ya barafu na jakuzi, yale mabeseni makubwa ya kuogea maji moto yanayosukumwa na pampu. Mimi barafu niliyoishika ni ile ya kupangia samaki pale Kibirizi, lakini pampu ni pampu.

*Mwakeye fundi. Nipo Minnesota. Mzee ninayemfanyia usafi anakwenda Florida miezi 3, kaniambia nizime jakuzi ya nje na nimwage maji. Nimefungua koki ya chini, beseni limekauka. Inatosha?*

Haitoshi, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujarudi kwako. Umemwaga maji unayoyaona. Usiyoyaona bado yapo: tumboni mwa pampu, ndani ya hita, na kwenye mabomba yaliyojikunja nyuma ya jeti, vile vitundu vinavyorusha maji. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na kama yamebanwa yatapasua kilichoyabana. Usiku huo hutajua lolote. Utajua siku ya kujaza upya, maji yanapochuruzika chini ya kabati, lile sanduku la jakuzi linaloficha pampu.

Zima umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani, si kitufe cha jakuzi. Fungua kabati, utafute kizibo kidogo chini ya pampu. Kama pampu ni 2, fungua vyote. Legeza yunioni za pampu na za hita, yaani zile nati kubwa za plastiki, na uangalie raba zake za mviringo zisidondoke zikapotea. Toa filta ukaziweke ndani. Kisha chukua mashine ya kufyonza, ile inayomeza hata maji, uigeuze ipulize. Elekeza mpira wake kwenye jeti moja moja, anza za juu ushuke chini, mpaka hata ukungu wa maji usitoke. Koki za hewa ziwe wazi. Yatakayokusanyika tena kwenye beseni yafyonze, ufute kwa taulo. Halafu rudi kwenye pampu uinamie kile kizibo: utakuta imedondosha tena karibu kikombe kizima. Kikombe hicho ndicho kingepasua pampu.

Wapo wanaomalizia kwa kumimina dawa ya kuzuia kuganda. Ni sawa, ila iwe ya propilini glaikoli inayotengenezwa kwa ajili ya mabomba, na mabomba yasuuzwe kabla ya kuoga tena. Ile ya rejeta ya gari usiiguse. Nyingi ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Mbwa akilamba anaweza kufa.

Angekuwa anasafiri wiki 2 na kuna jirani wa kuchungulia, ningemshauri aiache imejaa, inapasha na kuzunguka. Jakuzi nyingi zina kihisio kinachowasha pampu chenyewe maji yakipoa sana. Ninachokiogopa ni hii ya katikati: umeme umezimwa, maji nusu yametoka, nusu yamo.

Hapa kwetu Kigoma, mwaka 1916, Wajerumani walipoona meli yao Graf von Götzen itatekwa, waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, lakini kwanza mafundi walizipaka injini girisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilisubiri miaka 8! Mzee wako anaomba miezi 3 tu.

*Mwanangu, mimi ni mama wa Ujiji. Kijana wangu yupo Iowa, dhoruba imekata umeme tangu asubuhi na jakuzi iko nje imejaa. Afanye nini?*

Shikamoo mama. Kwanza asifunue kifuniko. Najua atatamani kupima kwa mkono, lakini kila akifunua anaachia joto. Jakuzi yenye maji moto na kifuniko kizima huhifadhi joto saa nyingi, mara nyingi siku nzima. Vinavyotangulia kuganda ni vibomba vyembamba vya ndani ya kabati, kwa hiyo alizungushie mablanketi na turubai juu yake. Akiwa na jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Asiiwashe kwenye gereji hata kama mlango uko wazi: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Umeme ukirudi, asikilize. Pampu ikiunguruma bila kusukuma maji, azime hapohapo, kwani huenda imeshika barafu. Hita ndogo ya chumbani ielekezwe kwenye kabati, isiguse kitu, na yeye akae nayo mpaka iyeyuke polepole. Asitumie moto wala maji yanayochemka.

*Fundi, kwetu Uvinza chumvi ipo tele. Shemeji yangu wa Toronto akitia chumvi, si maji hayatoganda?*

Yataganda tu, kwa kuchelewa kidogo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na huganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Jakuzi ya lita 1,500 itameza zaidi ya kilo 50 kwa ajili ya hizo nyuzi 2, na Toronto baridi hushuka mbali zaidi ya hapo. Hita nayo italiwa na kutu. Chumvi ya Uvinza tuiachie migebuka.

*Nina loji Tabora. Muuzaji anataka niongeze pesa kwa "ulinzi wa kuganda". Nilipe?*

Usilipe. Baridi ya Tabora ya Juni na Julai inatutoa makoti kabatini, haigandishi maji. Sakitu, yaani umande ulioganda, waulize watu wa Makete na Njombe. Tena jakuzi nyingi huja na kihisio hicho ndani ya kompyuta yake, kwa hiyo anakuuzia ulichokwisha kununua. Pesa hiyo nunulia kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka, na kifuniko chenye kufuli, maana watoto wa wageni hawaambiliki.

*Dada yangu wa Ohio katuma picha: jakuzi inaonyesha 104, watu wamo ndani wanacheka. Hawaungui?*

Hawaungui. Hizo ni za Fahrenheit. Kwa hesabu yetu ni nyuzi 40, na ndicho kikomo cha juu. Mjamzito na mtoto mdogo wasiingie kwenye joto hilo. Wengine wakae dakika 15 hivi, watoke, wanywe maji.