Kabla ya kubishania halo, wekeni sawa nyota na gesi

Vijana wanaosoma fizikia hunijia barazani hapa Chumbageni, Tanga, wakitaka kuunda modeli za halo za maada ya giza, yaani mawingu makubwa ya maada isiyoonekana yanayozizunguka galaksi, na wengi hufika wakiwa wameshachagua upande: ama modeli ya Navarro, Frenk na White ya mwaka 1996, ambayo msongamano wake huzidi kupanda kadiri unavyokaribia kitovu, ama ile ya Burkert ya mwaka 1995, ambayo kitovuni hutulia. Ushauri wangu ni kwamba ubishi huo usubiri, kwa sababu halo haionekani, na tunachokipima ni kile kinachosalia baada ya kuondoa mvutano wa nyota na gesi.

Data zipo bure. Mkusanyo wa SPARC wa mwaka 2016, wa vipimo vya kasi ya mzunguko wa galaksi, una galaksi 175, na majedwali yake ni mepesi kiasi kwamba hata bando dogo linatosha kuyapakua. Kila mstari unaonyesha umbali kutoka kitovuni, kasi iliyopimwa, na kasi ambayo gesi au nyota peke yake zingeisababisha. Kasi hizo hazijumlishwi zenyewe. Hujumlishwa miraba yake. Hapo ndipo pa kutuliza macho, maana kwenye safu ya gesi mtakuta namba hasi karibu na kitovu cha baadhi ya galaksi, na mtu akizipandisha mraba bila kufikiri zinageuka chanya. Hasi ile ina sababu: gesi ikiwa haba katikati na nyingi pembeni, huvuta kuelekea nje, kwa hiyo mchango wake hutolewa. Mimi huizidisha kasi hiyo kwa ukubwa wake usio na alama, na hasi inabaki mahali pake.

Kwa nyota, ubaneni uwiano wa masi na mng'aro, yaani masi ya nyota kwa kila kiasi cha mwanga wake. Katika mwanga wa mikroni 3.6 huwa karibu 0.5 kwa vipimo vya Jua. Ukiachwa huru, galaksi angavu kama NGC 3198 itakubali sahani nzito ya nyota yenye halo hafifu, au kinyume chake, na mistari ya modeli zote mbili itapita vizuri kwenye nukta zilezile. Ndiyo maana napenda waanze na DDO 154, galaksi kibete yenye gesi nyingi kuliko nyota, ambayo kasi yake hufikia takriban kilomita 50 kwa sekunde tu: humo halo hutawala karibu kote, na kasi inayopanda polepole kutoka kitovuni humpa Burkert nguvu.

Masi yote ya halo msiitangaze haraka, kwani mpaka wake uko mbali kupita gesi ya mwisho iliyopimwa. Andikeni kwanza masi iliyo ndani ya nukta hiyo.